Konokono bahari wa Iringa na vijiti vya chokaa vilivyopotea

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana bila kumjua kisa chote hakieleweki. Ni konokono bahari asiye na gamba, urefu kama sentimita mbili hivi, yuko kwenye chupa ya kioo ndani ya kabati la maabara ya baiolojia kwenye chuo kimoja hapa Iringa. Kibandiko kimeandikwa kwa penseli "Mtwara, chini ya jiwe, maji yamekupwa" basi, hamna tarehe wala jina la aliyemwokota wala picha, na rangi yake ilishaisha kitambo, amebaki mweupe wa kijivu. Inaonekana aliletwa na msafara wa wanafunzi waliokwenda pwani, akapanda huku milimani zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na akasahaulika. Hatuna mwingine wa aina yake, ni huyohuyo.

Sasa kuna binti wa mwaka wa tatu, kwao Makete, akaniambia "Mwalimu mimi nataka huyu ndo awe project yangu, nimjue ni nani." Nikamwambia sawa, ila kujua konokono bahari ni nani ukishapoteza rangi maana yake ni kuingia tumboni, na mnyama ni mmoja, ukimpasua vibaya hamna wa pili. Hapo ndipo mjadala ulipoanza.

Nieleze kwanza kwa nini tumboni. Hawa wanyama kwa nje wanadanganya sana, spishi moja inaweza kuwa na rangi tatu tofauti na spishi tatu zikawa na rangi moja, kwahiyo tangu zamani wataalamu wanategemea radula (ule utepe wa meno mdomoni), mfumo wa uzazi ambao kwao ni wa jinsia zote mbili ndani ya mwili mmoja, na mpangilio wa vinundu vya neva kuzunguka koo. Aliyefanya kazi hiyo mapema kwa konokono bahari wa huku kwetu ni Sir Charles Eliot, na huyu bwana hakuwa mtu wa maabara kabisa, alikuwa kamishna wa Waingereza kule British East Africa (sehemu kubwa ya Kenya ya leo) kuanzia 1900 hadi 1904, mchana anatawala watu na mda wake wa ziada anapasua konokono wa Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, wengi walikusanywa na Cyril Crossland. Mambo yake ya utawala tuyaache, ila maelezo yake ya matumbo ya hawa viumbe bado yanasomwa. Baadaye miaka ya 70 akaja mtaalamu mwingine, Rudman, ambaye alifanyia kazi konokono bahari wa Dar es Salaam, naye ni mkasi na darubini. Shida ya njia hiyo ni kwamba ukimaliza kupasua mnyama ameisha, na radula ndo kabisa, unachemsha kipande cha mdomo kwenye dawa kali mpaka nyama iyeyuke ibaki meno tu. Ukikosea kuona kitu mara ya kwanza hamna mara ya pili.

Njia nyingine ni kumgandisha kwenye nta au plastiki na kumkata vipande vyembamba kabisa kwa maikrotomu, mamia kwa maelfu ya vipande, unavipaka rangi unavipanga. Inaonyesha mpaka seli, na kwa undani wa seli mimi naamini bado haijapata mpinzani. Lakini nayo inammaliza mnyama, na maikrotomu yetu ina hali ambayo sitaki hata kuisema hapa.

Kuna kijana darasani akasema si tumpeleke hospitali Mbeya kuna CT-skani. Watu walicheka ila swali si la kijinga hata kidogo, nikawapigia hesabu ubaoni. Mashine ya hospitali imetengenezwa kwa ajili ya binadamu, pale inapojitahidi sana inatofautisha vitu vya kama nusu milimita. Konokono wa milimita 20 gawanya kwa nusu unapata nukta 40 kutoka kichwani mpaka mkiani. Ubongo wake wote unaweza kuingia kwenye nukta moja au mbili, utaona doa la kijivu kwenye chupa na umelipia. Mikro-CT ni kitu kingine, eksirei zilezile ila chanzo ni kidogo sana, mnyama ndiye anayezungushwa polepole badala ya mashine kumzunguka yeye, zinapigwa picha mamia mpaka maelfu kutoka kila upande alafu kompyuta inazirudisha kuwa umbo la pande tatu. Kigunduzi chenye pikseli kama 2,000 kwa upande, ukikitandaza kwenye milimita 20, kila nukta inakuwa mikroni 10, yaani milimita moja umeigawa mara 100. Ukitaka zaidi unasogeza karibu unapiga kichwa peke yake.

Hamna mashine hiyo hapa Iringa wala Mbeya, kwahiyo tuliwaandikia wenzetu wa chuo kimoja Ujerumani, wakakubali kupiga bure kwa sharti kwamba kuchambua tunachambua wenyewe.

Hapa sasa ndipo fundi wetu wa maabara, mzee ambaye amekaa pale kuliko sisi wote, alipofanya kitu ambacho mimi naona ndo kilibeba kazi nzima. Binti alikuwa ameshaanza kufunga chupa, mzee akamwita, "Mwanangu, kabla hujamtuma popote nipe tone moja la hayo maji." Akadondoshea kwenye karatasi ya litimasi ya bluu, ikawa nyekundu. Akasema tu "fomalini imechacha" akaondoka zake kunywa chai.

Kwa asiyejua, litimasi ya bluu ikiwa nyekundu maana yake kuna asidi, na fomalini, ile dawa ya kuhifadhia wanyama waliokufa, ikikaa miaka inageuka taratibu kuwa asidi ya fomiki. Ndo maana maabara makini wanaweka bafa (kitu cha kuzuia asidi) ndani yake, na aliyemhifadhi huyu inaelekea hakuweka. Asidi haiharibu sana nyama, mnyama kwa macho anaonekana mzima, ila inakula chokaa. Na konokono bahari wa kundi la doridi wengi wana vijiti vidogo vya chokaa ndani ya ngozi ya mgongo, vinawafanya wawe wagumu kidogo ukiwashika. Kumbukeni hili la chokaa maana ndipo kesi ilipo.

Karatasi za vibali zilichukua mda mrefu kuliko skani yenyewe. Kibali cha utafiti ni COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, alafu mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema wazi kwamba mnyama anarudi na picha ni za pande zote mbili, na hapa nasema kwa msisitizo msitume kitu chochote nje bila karatasi hiyo hata kama ni konokono aliyesahaulika kabatini. Kwenye ndege nako kuna kanuni zake, sampuli iliyo kwenye alkoholi inakubalika kama sio ya maambukizi na kimiminika hakizidi mililita 30 kwa chombo cha ndani, na kufungwa ni tabaka juu ya tabaka. Kwahiyo tulimtoa kwenye fomalini tukampandisha kwenye alkoholi kwa hatua, asilimia 30, 50 alafu 70, ukimrusha moja kwa moja anasinyaa na maumbo yote ya ndani yanajikunja.

Kule tuliwaomba wampige mara mbili, na mpangilio una maana. Mara ya kwanza bila rangi yoyote. Nyama laini haizuii eksirei vizuri, inatoka kama ukungu, lakini chokaa inazuia, kwahiyo kama kuna chokaa popote itang'aa nyeupe peke yake. Mara ya pili ndo unamloweka kwenye ayodini, nyama inainywa na kila kiungo kinanywa kiasi chake, misuli tofauti na tezi, tezi tofauti na neva, hapo ndo unapata picha ya ndani. Mtafiti Brian Metscher alionyesha mwaka 2009 kwamba rangi rahisi kama hizi za ayodini zinatosha kuonyesha nyama laini za wanyama wa aina nyingi, na tangu hapo watu wengi wanatumia. Ila ukianza na ayodini kila kitu kinang'aa, hutajua tena ipi chokaa na ipi rangi.

Majibu ya skani ya kwanza: hamna kitu. Mnyama mzima hana hata nukta nyeupe. Skani ya pili, ya ayodini, ikaja nzuri mno, ukiitazama unasisimka, matamvua yamezunguka tundu la haja mgongoni kama ua, pembe mbili za kunusia na mikunjo yake, moyo nyuma, yaani huyu ni doridi.

Kwanza mdomo. Hamna radula, tulitafuta kila kipande kutoka midomoni mpaka tumboni, kuna bomba jembamba lenye misuli minene na basi. Hiyo peke yake inafunga milango mingi sana, maana doridi wengi wana meno ya kukwangua. Wale wasio nayo wanakula sifongo kwa namna ya ajabu, wanamwaga kimiminika cha kuyeyusha alafu wananyonya. Kati ya hao kuna Phyllidiidae ambao hawana matamvua ya mgongoni, wetu anayo, kwahiyo wale nje. Tukabaki na familia ya Dendrodorididae, na ndani yake jenasi mbili zilizopendekezwa zamani kweli, Dendrodoris ya Ehrenberg 1831 na Doriopsilla ya Bergh 1880. Tofauti moja kubwa inayotajwa kila mahali: Dendrodoris ni laini hana vijiti vya chokaa, Doriopsilla anavyo.

Binti akaandika kwenye rasimu yake: vijiti havipo, ni Dendrodoris. Na kwa picha aliyokuwa nayo mbele yake hajakosea, mashine ya mamilioni imesema hamna. Ila karatasi ya litimasi ya mzee ilikuwa imeshasema kitu kingine.

Tulikaa nalo sana hili. Kuna kutokuwepo kwa aina mbili hapa na havina uzito sawa. Radula ni kaitini, kitu kigumu kama cha ganda la mdudu, asidi dhaifu ya kwenye chupa haiwezi kuimaliza, kwahiyo kama haionekani ni kweli haikuwepo. Vijiti ni chokaa, kwenye chupa ile vingeweza kuwepo siku ya kwanza na visiwepo leo. Skani inaonyesha hali ya mnyama siku alipopigwa picha, haikuonyeshi alivyokuwa chini ya jiwe Mtwara. Nimeona ripoti za watu wanaoandika "imethibitishwa kwa CT kwamba hakuna" bila kusema sampuli ilikaa kwenye nini, na mimi siku hizi nikiona hivyo nafunga.

Tukatafuta shahidi wa pembeni. Karibu na vinundu vya neva vya mguu konokono bahari ana vifuko viwili vya kujua juu na chini, statosisti, na ndani yake kuna chembechembe za chokaa. Hizi hazitegemei jenasi, Dendrodoris anazo na Doriopsilla anazo. Tuliomba kichwa kipigwe kwa karibu zaidi, mikroni 3 hivi. Vifuko vipo vyote viwili, duara safi, kuta zinaonekana, ndani vitupu. Tukarudi kwenye skani ile ya kabla ya ayodini sehemu ileile, hamna mng'ao wowote. Maana yake chokaa iliyopaswa kuwepo kwa vyovyote vile imeondoka, kwahiyo huwezi kutumia kukosekana kwa chokaa kwenye ngozi kama ushahidi wa chochote.

Sawa, tumevunja jibu la kwanza, la pili liko wapi? Hapa ayodini ikatusaidia kwa mlango wa nyuma. Kijiti cha chokaa kwenye ngozi hakielei hivihivi, kimezungukwa na tishu, na chokaa ikiyeyuka tishu inabaki na tundu la umbo lilelile, watu wa maikrotomu wanalijua hili maana wao huondoa chokaa makusudi kabla ya kukata. Tishu imekunywa ayodini, tundu halijanywa. Binti akaanza kupita ngozi ya mgongo kipande kwa kipande na kweli vipo, vijia vyeusi vilivyonyooka, vimechongoka ncha zote mbili, unene unakaribiana, vimelala vikipishana kuelekea pembezoni na vimejazana chini ya zile pembe za kunusia.

Mimi nilimbishia, kazi yangu ni kubisha. Nikamwambia hiyo inaweza kuwa mishipa ya damu, hawa wana nafasi za damu kila mahali, au tezi za ngozi. Akarudi na majibu baada ya mda: nafasi za damu zinajigawa matawi na kupindapinda na zimeunganishwa na moyo ukizifuata, hivi vijia havina tawi na kila kimoja kimeanza na kuisha peke yake. Tezi zina mdomo unaofungukia nje, hivi havina. Hapo nikanyamaza. Doriopsilla.

Nirudi nyuma kidogo kwenye namna uchambuzi wenyewe ulivyofanyika, maana watu wanadhani mashine inatoa majina. Skani ni masaa tu. Vokseli (nukta za picha ya pande tatu) 2,000 mara 2,000 mara 2,000 ni bilioni nane, kila moja baiti mbili, hiyo ni GB 16 faili moja, na laptop ya binti ina RAM ya GB 8. Haifunguki. Tulichofanya ni kupunguza nusu kila upande, inakuwa sehemu moja ya nane, GB 2, hiyo ilishuka kwa bando la usiku na ikafunguka kwenye 3D Slicer ambayo ni programu ya bure. Faili kamili mtu alilishusha Dar akaliweka kwenye hard disk ikaja kwa basi, tukawa tunakata eneo dogo dogo tunalifungua kwa ubora wote. Kuanzia hapo ni kupaka kila kiungo rangi yake kwa mkono, kipande baada ya kipande, na kuseviseva kila saa maana umeme wa hapa mnaujua. Kazi hiyo ndo inakula miezi ya watu kwenye fani hii dunia nzima, na haihitaji bahari wala mashine, inahitaji mtu aliyetulia na kompyuta ya kawaida, inaweza kufanyika Kihesa hapa Iringa kama inavyofanyika München kule Ujerumani. Vyuo vyetu vya nyanda za juu vinaposema hatuwezi zuolojia ya bahari kwa sababu tuko mbali, mimi siwaelewi.

Ila jicho linahitaji kufundishwa, na skrini haifundishi. Mwanzoni binti alipaka tezi kubwa ya kumeng'enya chakula na tezi ya uzazi rangi moja, kwa sababu kwa doridi ya uzazi imetandazwa juu ya ile nyingine na kwa ayodini zinakaribiana ukijivu. Nilimwelekeza kwa maneno haikuingia. Tukaenda bustanini nyuma ya bweni, msimu wa mvua konokono wakubwa wa nchi kavu wamejaa, tukachukua wawili tukapasua. Hawa wa bustanini na wale wa baharini wasio na gamba wako kundi moja kubwa, Heterobranchia, nao ni wa jinsia mbili, na tezi ya uzazi imezama ndani ya tezi ya chakula. Aliigusa kwa sindano akaona moja ina chembechembe nyingine ni tope la kahawia. Siku iliyofuata alifuta kazi yake yote ya tumboni akaanza upya bila kuambiwa.

Swali nililoulizwa sana na wenzangu ni kwa nini basi tusitoe na jina la spishi. Kwa sababu rangi hatuna, na kwa hawa picha ya mnyama hai ni nusu ya utambulisho, na DNA kwenye fomalini iliyochacha imekatikakatika, kuipata si kazi ya maabara yetu. Watu wa Rungwe wanakumbuka kipunji, mwaka 2005 alitangazwa kwa kutegemea picha kama nyani wa kundi la Lophocebus, mpaka alipopatikana mmoja amekufa kwenye mtego wa mkulima ndo 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Wale walikuwa na picha bila mwili, sisi tuna mwili bila picha. Na huko bahari ya kina kirefu Marekani, konokono bahari anayeitwa Bathydevius caudactylus alionekana mara ya kwanza mwaka 2000 kwa roboti ya majini, zaidi ya mita 2,600 chini, akaonekana tena zaidi ya mara 100, na kutangazwa rasmi ni 2024, baada ya maumbile, tabia na jeni vyote kupangwa pamoja. Sasa sisi na chupa moja tukimbilie wapi.

Hata neno adimu nimemzuia binti asilitumie kwenye kichwa cha ripoti. Adimu kwa nani? Amekuwa adimu kwa sababu wanaogeuza mawe Mtwara wakati wa bamvua wanatafuta pweza, hawatafuti huyu.

Mnyama amesharudi. Ayodini ilioshwa kwa sodiamu thayosalfeti akarudi kwenye weupe wake, yuko kwenye alkoholi asilimia 70, mzima, na mfumo wake wa uzazi bado haujamalizwa kupakwa kwa sababu sehemu ile mirija imejikunja juu ya mirija na binti anahitaji kurudia kwa faili kamili. Kibandiko kipya kinasema Doriopsilla, bila spishi, vijiti vimeyeyuka kwenye fomalini yenye asidi, na kile cha penseli tumekiacha ndani ya chupa hukohuko. Picha zitawekwa MorphoSource, hazina ya mtandaoni ya picha za pande tatu, zikishakubaliwa na pande zote ili anayetaka kubisha kuhusu vile vijia abishe akiwa anaviona. Na mzee wa maabara amepita kabati zima na karatasi zake za litimasi, orodha aliyoniletea ya chupa zilizochacha ni ndefu, ya kwanza juu kabisa ni mtungi wa konokono wa Ziwa Nyasa kutoka Matema, hao wana magamba, na magamba yameshaanza kulainika.